Mwanao akitaka kushuka korongo jembamba msimu wa baridi, muulize haya kwanza

DESEMBA ikikaribia, vyuo vya Marekani hufungwa na wanafunzi hubaki na wiki kadhaa za mapumziko. Wale waliotoka Afrika Mashariki na kushindwa na nauli ya kurudi nyumbani mara nyingi hualikwa na wenzao kwenye safari. Baadhi ya mialiko ni ya kawaida: kwenda kwa shangazi ya rafiki, kula na kulala. Mingine humfanya mzazi akae wima kitini. Mmoja wa aina hiyo ni safari ya kwenda jimbo la Utah kushuka makorongo membamba kwa kamba.

Picha zinazotumwa kwenye simu huwa za kupendeza. Kuta za mwamba mwekundu zimepinda kama kitambaa, mwanga unapenya kutoka juu, na kijana aliyevaa kofia ngumu ananing'inia katikati akitabasamu. Kisichoonekana kwenye picha ni maji yaliyo chini yake, ambayo katika majira ya baridi huwa na ubaridi unaokaribia wa barafu.

Mzazi wa mbali huwa na majibu mawili ya haraka. La kwanza ni “hapana”, ambalo kijana wa miaka 20 aliye maelfu ya kilomita kutoka nyumbani anaweza kulisikia na kwenda zake. La pili ni “nenda salama”, ambalo halimsaidii yeyote. Lipo jibu la tatu lenye manufaa zaidi, nalo ni kuuliza maswali yanayomlazimu kijana na wenzake kupanga safari yao sawasawa. Ili kuuliza, ni lazima mzazi ajue kidogo kuhusu mchezo wenyewe.

Mchezo huu ni upi?

Katika nyanda za Utah na Arizona, mwamba wa mchanga umekatwa na maji kwa miaka mingi mno hadi ukafanya nyufa ndefu na zenye kina kirefu. Baadhi ni nyembamba kiasi kwamba mtu hupita kwa ubavu. Wanaoupenda mchezo huu huingia juu, hushuka kwa kamba kwenye maporomoko yaliyokauka au yenye maji, huogelea kwenye madimbwi, hupanda na kushuka mawe, kisha hutokea chini. Hifadhi ya Taifa ya Zion, iliyoko kusini mwa Utah, ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana zaidi kwa mchezo huu.

Mzazi akumbuke jambo moja la msingi: makorongo haya yalichongwa na mafuriko. Maji yaliyobeba mchanga na mawe ndiyo yaliyokata mwamba, na kazi hiyo haijaisha. Anayeingia humo anatembea ndani ya mfereji wa maji ya mvua uliokauka kwa muda.

Makorongo hupewa madaraja. Tarakimu 1 hadi 4 huonyesha ugumu wa kamba na kupanda, 1 ikiwa ni kutembea tu. Herufi A, B au C huonyesha maji: A ni pakavu au maji kidogo, B ni maji yaliyotulia yanayoweza kuhitaji kuogelea, na C ni maji yanayokwenda kwa kasi. Tarakimu za Kirumi huonyesha muda unaohitajika. Mzazi hahitaji kuyakariri haya. Anahitaji tu kuuliza, “Korongo mnaloendea ni la daraja gani, na la mwisho ulilowahi kushuka lilikuwa la daraja gani?” Iwapo jibu la pili ni “sijawahi kushuka lolote”, mazungumzo yamepata pa kuanzia.

Kwa nini wakati wa baridi?

Sababu zipo na si za kipuuzi. Kati ya Julai na Septemba eneo hilo hupata mvua za radi zinazoleta mafuriko ya ghafla. Majira ya baridi hatari hiyo hupungua, ingawa haiishi, na watu nao huwa wachache. Pia wapo wanaotaka ugumu wenyewe: wamemaliza makorongo mepesi wakati wa joto na sasa wanatafuta kipimo kikubwa zaidi.

Lakini baridi huleta masharti yake. Mchana wa Desemba kusini mwa Utah hauzidi saa 10, tofauti na saa 12 tulizozoea mwaka mzima, na jua halifiki chini ya korongo isipokuwa kwa dakika chache au lisifike kabisa. Njia za kuingilia huweza kufunikwa na theluji. Kamba iliyolowa huganda na kuwa ngumu kama fito. Vidole vilivyokufa ganzi hushindwa kufungua fundo ambalo nyumbani lilifunguliwa kwa sekunde 2.

Baridi ya maji si baridi ya hewa

Aliyekulia Limuru au Njombe anaweza kusema anaijua baridi. Anaijua ya hewani. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye ubaridi uleule. Katika Mto Virgin unaopita ndani ya Zion, maji ya msimu wa baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi.

Wataalamu wa maji baridi hutumia kanuni rahisi ya 1-10-1, iliyoenezwa na Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Mtu akitumbukia kwenye maji ya barafu huwa na dakika 1 ya kudhibiti pumzi yake, kwa sababu mwili hushtuka na kuanza kuhema ovyo. Akivuta pumzi kichwa kikiwa majini anaweza kuzama. Kisha huwa na kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii. Baada ya hapo misuli huchoka hata kama akili ipo. Hatimaye huwa na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kutokana na kushuka kwa joto la mwili. Hizi ni namba za kukadiria na hubadilika kulingana na mavazi na umbo la mtu, lakini zinaonyesha kwamba hatari huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Joto la kawaida la ndani ya mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu ameingia katika hali inayoitwa hipothemia. Mwanzoni hutetemeka sana. Likiendelea kushuka, kuelekea 32 na chini yake, kutetemeka huweza kukoma, na hapo ndipo wenzake hudanganyika kwamba amepata nafuu. Kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujipasha moto.

Dalili ambazo kila mmoja kundini anapaswa kuzijua ni hizi:

• Kujikwaa na kuyumba mahali tambarare.
• Kuangusha vitu na kushindwa kufunga zipu au fundo.
• Kuongea kwa kuburuta maneno kama mlevi.
• Kununa, kukataa msaada au kusema “niacheni nipumzike kidogo”.

Dalili ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Baridi hugusa akili, na aliyepoa hawezi kutegemewa kujipima mwenyewe. Ndiyo maana watu huangaliana.

Msaada wa kwanza ni kumtoa majini na kwenye upepo, kumvua nguo zilizolowa, kumkausha na kumfunika, hasa kifua, shingo na kichwa. Akiwa macho kabisa na anaweza kumeza vizuri, apewe kinywaji moto chenye sukari. Asipewe pombe, kwa kuwa hupanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto zaidi. Asisuguliwe mikono na miguu, na asitikiswe ovyo, kwa maana moyo uliopoa huweza kupoteza mapigo yake kwa urahisi.

Nani asiende?

Hapa ndipo mzazi ana ujuzi ambao kiongozi wa safari hana. Mtu mwenye selimundu asiingie kwenye maji ya aina hii. Baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini ni vichocheo vinavyojulikana vya maumivu makali ya ugonjwa huo. Mwenye pumu naye anaweza kubanwa na hewa baridi na kavu, kwa hiyo azungumze na daktari kwanza, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni karibu na mwili, si chini ya begi. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa au tatizo la moyo.

Vijana wengi hawawaambii wenzao kuhusu maradhi yao wakiogopa kuachwa. Mzazi amuulize mwanawe moja kwa moja: “Wenzako wanajua?” Na wadogo zake wasibebwe kwenye makorongo yenye maji baridi, kwani mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima kwa sababu ya udogo wa mwili wake.

Mavazi

Pamba ibaki nyumbani. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa hushika maji na kunyonya joto. Ndani huvaliwa nguo za sufu au za nyuzi za viwandani zinazokauka upesi. Juu yake, kwa maji ya baridi kali, huvaliwa suti nene ya mpira kama ya wapiga mbizi au, bora zaidi, suti isiyopitisha maji kabisa. Vifaa hivi hukodishwa katika miji iliyo karibu na Zion. Ikiwa bajeti ya safari ina petroli, pizza na mahali pa kulala lakini haina suti, basi safari hiyo bado haijapangwa.

Kila mmoja awe na kofia ngumu, tochi ya kichwani na betri za akiba, nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, chakula cha kuzidi siku moja na chupa ya kinywaji moto.

Mbingu ya juu yako haitoshi

Agosti 12, 1997, watalii 11 walifariki katika korongo la Antelope ya Chini, karibu na mji wa Page, Arizona. Pale walipokuwa hapakuwa na mvua ya kutisha. Dhoruba ilinyesha kilomita nyingi juu yao, maji yakakusanyika na kuteremka kama ukuta. Aliyenusurika ni mwelekezi wao.

Septemba 14, 2015, watu 7 walifariki katika korongo la Keyhole ndani ya Zion baada ya mafuriko ya ghafla. Hawakuwa matineja wenye papara. Walikuwa watu wazima wa miaka 50 na ushee, nao walikuwa na kibali cha hifadhi. Siku hiyohiyo, mafuriko yaliyopiga mji wa Hildale, si mbali na hapo, yaliua watu wengine 13, wanawake na watoto waliokuwa ndani ya magari.

Mikasa hii miwili ilitokea wakati wa mvua za radi, si majira ya baridi. Lakini funzo lake halina msimu: anayetazama anga jembamba lililo juu ya kichwa chake hajaona chochote. Kinachopaswa kutazamwa ni utabiri wa eneo lote linalomwaga maji kwenye korongo hilo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa makadirio ya hatari ya mafuriko ya ghafla kwa hifadhi za Utah kila siku. Majira ya baridi, mvua ya siku nzima au joto la ghafla linaloyeyusha theluji huweza kuyajaza maji makorongo hayo.

Kibali nacho kisimpe mzazi usingizi wa bure. Zion hutaka kibali kwa kila korongo la kamba, lakini kibali hicho hakithibitishi kwamba mtu anaweza kulimaliza. Hifadhi yenyewe husema wazi kwamba usalama ni jukumu la anayeingia.

Kamba ikishavutwa

Jambo moja hutofautisha mchezo huu na kupanda mlima. Anayepanda Mlima Kenya akichoka au hali ikichafuka, hugeuka na kushuka. Katika korongo, kamba hupitishwa juu, wote hushuka, kisha huivuta kamba chini ili waitumie mbele. Ikishavutwa, njia ya kurudi imefungwa. Nyuma kuna ukuta usiopandika, na mlango pekee uliobaki uko mbele, baada ya kila dimbwi na kila poromoko lililosalia.

Baadhi ya makorongo magumu, kama Imlay ya Zion, yana mashimo ya duara yenye kuta laini. Maji yakiwa yamejaa, mtu huogelea na kutoka. Yakipungua, ukingo huwa juu mno na mtu hunasa ndani, akitegemea mbinu na msaada wa wenzake kutoka. Kunasa kwenye maji ya nyuzi 5 kunarudisha hesabu ile ya dakika 10.

Kwa hiyo uamuzi wa kurudi hufanywa juu, kabla ya kamba kuvutwa mara ya kwanza, wakati kila mtu bado ni mkavu na ana akili timamu. Kundi lenye nidhamu huandika masharti yake usiku uliotangulia. Ikifika saa fulani kabla hatujaanza, haturudi nyuma kwenye neno letu: tunaahirisha. Theluji ikizidi kiasi fulani njiani, tunaahirisha. Mmoja akiamka anakohoa, tunabadilisha korongo. Pia huchagua mapema korongo la pili lililo kavu na fupi, ili kuahirisha kusionekane kama kushindwa.

Hilo la kushindwa lina uzito. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya mbali huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20, na kijana akiwa na wenzake hujasiri kuliko akiwa peke yake. Kiu ya changamoto si ugonjwa. Humjenga kijana, humfundisha kupanga, kuvumilia na kumwamini mwenzake wa kamba. Mzazi anayeidharau atafichwa safari ijayo. Anayeiheshimu anaweza kusema: “Panda ngazi kwa ngazi. Ugumu wa kamba ujifunze wakati wa joto. Ukiuzoea, ndipo uongeze baridi. Usiongeze viwili kwa siku moja.”

Nani anajua uliko?

Aprili 2003, Aron Ralston aliingia peke yake katika korongo la Bluejohn, Utah. Jiwe kubwa liliteleza likaubana mkono wake wa kulia ukutani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Baada ya siku tano aliukata mkono wake mwenyewe kwa kisu kidogo ili aokoke. Kisa chake kilitengenezewa filamu mwaka 2010, na wengi huikumbuka kwa ushujaa wake. Mzazi akiitazama na mwanawe, amwonyeshe kile kilichokosekana: karatasi moja mezani kwa rafiki yenye jina la korongo na saa ya kurudi.

Ndani ya makorongo simu haishiki mtandao. Kundi libebe kifaa cha kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, ingawa nacho huhitaji kuona anga na kinaweza kusumbua kati ya kuta. Ndiyo maana mtu wa nje anayejua ratiba hubaki kuwa kinga muhimu.

Mambo haya yapo na kwetu

Mzazi asidhani hadithi hii ni ya ng'ambo pekee. Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ina korongo jembamba la Ol Njorowa, na kwa miaka mingi imependwa na shule, makanisa na familia. Aprili 2012, vijana 7 waliokuwa kwenye ziara ya kanisa walifariki humo baada ya kusombwa na maji. Septemba 2019, watu wengine 7, wakiwemo watalii na mwelekezi wao, walifariki kwa njia hiyohiyo. Maji yalitoka juu, yakawakuta ndani ya mwamba.

Huku hakuna theluji, lakini maswali ni yaleyale. Barua ya ziara ikija nyumbani, kabla ya kutia sahihi na kulipa, mzazi ana haki ya kuuliza shule au kanisa.

Maswali ya kuuliza kabla ya “ndiyo”

• Ni korongo gani, daraja gani, na kiongozi amewahi kulishuka katika msimu huu?
• Utabiri wa hali ya hewa wa eneo lote la juu unasemaje, na nani atauangalia asubuhi hiyo?
• Mnaanza saa ngapi, na mtatoka saa ngapi mwanga ukiwa bado upo?
• Kila mmoja ana suti inayofaa, kofia ngumu, tochi na nguo kavu?
• Ni wangapi wanajua msaada wa kwanza wa hipothemia?
• Ni jambo gani litawafanya muahirishe, na limeandikwa?
• Nani amebaki nje na ratiba, na atapiga simu saa ngapi msipotokea?

Swali la mwisho litimizwe hadi mwisho. Mkubaliane saa mbili: saa wanayotarajia kutoka, na saa ambayo wasipopatikana msaada utaitwa. Mzazi aliye Nairobi hawezi kupiga 911 ya Marekani moja kwa moja kutoka kwenye simu yake, hivyo awe na namba ya rafiki aliyebaki kule na ya ofisi ya mkuu wa polisi wa kaunti husika, ambayo katika Utah ndiyo husimamia utafutaji na uokoaji. Akumbuke pia kwamba wakati wa baridi Utah iko nyuma ya Nairobi kwa saa 10. Wakitarajiwa kutoka saa 10 alasiri kule, huku itakuwa saa 8 za usiku. Weka kengele kwenye simu, lala, na uamke kusoma ujumbe.